Barua ya Wazi kwa Walimu Wakuu na Wenye Shule wa Ubungo: Tuambieni Mapema

Ubungo Kibangu, Januari 2026

Waheshimiwa walimu wakuu, wamiliki wa shule na maafisa elimu wa Manispaa yetu,

Mwaka umeanza. Ada tumelipa au tunahangaika nayo, madaftari yamevishwa makava, sare mpya zimenunuliwa kubwa kidogo ili zifike mwakani. Orodha ya mahitaji mliyotupa ilikuwa na kila kitu: rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa, sabuni ya maji, dawa ya choo. Jambo ninalowaandikia halikuwamo, na katika vikao vya wazazi nilivyohudhuria sijawahi kulisikia likiwekwa mezani. Siku mambo yakiharibika watoto wakiwa mikononi mwenu, mtafanya nini, na sisi mnataka tufanye nini?

Hakuna mkazi wa Ubungo anayehitaji kukumbushwa Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi na vurugu. Kuanzia Kimara hadi Manzese kila nyumba ina habari yake ya siku zile: nani alikwama wapi, nani alilala kwa jirani, mlio wa kwanza wa risasi ulisikika saa ngapi. Amri ya kutotoka nje ilianza saa 12 jioni, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na simu ikarudi kuwa ya kupiga tu kama zamani, tena ukibahatika ikashika. Siandiki kubishana nani alianza na nani alikosea. Iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na wapo wenye misiba ambao wana haki ya kusema kabla yangu. Langu ni dogo. Siku ile ilikuwa ya kupiga kura, mapumziko, kwa hiyo watoto walikuwa nyumbani. Tuliwalaza sakafuni, tukawawekea katuni zilizokuwa kwenye flashi, tukawaambia ni fataki na wala hawakudanganyika. Lakini tulikuwa nao. Kinachonirudia usiku ni hesabu nyingine. Ingekuwa Jumatano ya kawaida, saa 4 asubuhi, mmoja yuko shule ya msingi huku Ubungo, mwingine sekondari ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, mimi niko kazini Kariakoo, magari hayatembei na simu haishiki. Ningemkimbilia yupi kwanza? Na ninyi muda huo mngekuwa mnafanya nini na wanangu?

Shule zilipofunguliwa tena, mwanangu mdogo alirudi, akapanga mstari, akaimba wimbo wa taifa, akaingia darasani kuendelea na hesabu za sehemu pale zilipoishia. Hakuna aliyewauliza kitu. Sisemi kwa ubaya. Walimu nao walitoka kwenye mitaa hiihii, wengine wamepanga nyumba ya pili tu kutoka kwangu, na nadhani waliona kunyamaza ndiyo kuwahurumia watoto. Baadaye kidogo transfoma ya mtaani kwetu ikalipuka jioni, kama zinavyolipuka mvua zikianza. Mlio mmoja, umeme ukakatika. Nilipowasha tochi ya simu nilimkuta chini ya meza, magoti kifuani, mkono mmoja sikioni na mwingine bado umeshika kijiko. Dada yake alikuwa amesimama dirishani, pazia kalifungua lote, anachungulia moto unatokea wapi. Watoto wawili wa nyumba moja, mlio uleule, na kila mmoja kafanya alilojitungia mwenyewe. Mmoja wao, kama ingekuwa risasi kweli, alikuwa amesimama mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba.

Ndipo nilipoikumbuka Kikuyu. Garissa wengi tunaikumbuka: Aprili 2, 2015, al-Shabaab walivamia chuo kikuu cha mji ule wa Kenya alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kilichotokea siku 10 baadaye tumekisahau. Katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kabla hakujapambazuka, transfoma ililipuka. Wanafunzi wakadhani magaidi wameingia. Walikanyagana kwenye ngazi, wengine wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia, na hapakuwa na gaidi hata mmoja. Nimejaribu kujiweka kwenye nafasi ya wale vijana. Walikuwa wamekaa siku 10 wakitazama picha za Garissa kwenye simu, na sidhani kuna aliyewakusanya akawaambia: mkisikia mlio, kaeni hapa, subirini sauti ya fulani, tokeni kwa mlango ule.

Novemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilijaribu kuwaandaa watu wake, kikaandaa kwa njia mbaya. Liliigizwa shambulizi, milio ya risasi ikasikika, na wengi waliokuwa ndani hawakujua kwamba ni zoezi. Mfanyakazi mmoja aliruka kutoka juu akafa, na watu wengi wakajeruhiwa. Chuo kiliomba radhi. Kwa hiyo ninaposikia mzazi mwenzangu anapendekeza kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kwamba shule ziwafanyie watoto "zoezi la kushtukiza ili wazoee", namjibu kwa jina moja tu, Strathmore, halafu naweka simu chini.

Asije akatokea wa kuniambia kwamba kuvamiwa kwa shule ni mambo ya Wamarekani. Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliingia usiku Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, magharibi mwa Uganda, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Hata hivyo nimeongea na Marekani pia. Mdogo wangu anaishi Houston, jimbo la Texas, jimbo lile ambako Mei 24, 2022 katika mji wa Uvalde kijana mwenye bunduki aliua watoto 19 na walimu 2. Mwanawe wa chekechea anafundishwa kuzima taa, kukaa kona isiyoonekana kutoka mlangoni na kutotoa sauti. Wenzetu wameyageuza mazoezi haya kuwa sehemu ya ratiba, na si yote yamewasaidia: watafiti wa chuo cha Georgia Tech walipolinganisha maandishi ya mitandaoni ya jumuiya za shule 114, siku 90 kabla ya mazoezi ya kuigiza mashambulizi na siku 90 baada yake, dalili za sonona zilikuwa zimepanda kwa asilimia 39, na za msongo na wasiwasi kwa asilimia 42. Sitaki tuige hilo. Ninalomwonea wivu mdogo wangu ni karatasi. Kila muhula unapoanza shule inampelekea maelezo: pakitokea jambo wazazi wasikimbilie getini, watoto watahamishiwa mahali fulani, mzazi atakabidhiwa mtoto akionyesha kitambulisho, na wanaoruhusiwa kumchukua ni hawa walioandikwa hapa. Ukurasa mmoja tu. Anasema bado analala vibaya habari zikitoka, ila anajua akiamka aelekee wapi.

Huku kwetu tunaambiwa tupuuze uvumi. Nawaelewa mnaposema hivyo. Nimo kwenye makundi ya wazazi, najua yanavyowaka. Mtu anarusha voisi ya mwanamke analia, gari lenye vioo vyeusi limeonekana karibu na shule, halijulikani lini wala shule gani, na kabla ya adhana ya magharibi imefika Goba, Mabibo na Kibamba. Lakini mzazi anayekumbuka Njombe mwanzoni mwa 2019, watoto walipouawa mfululizo na wazazi wakalazimika kuwasindikiza wenyewe hadi shuleni, au Muleba mwaka 2024, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili aliponyakuliwa nyumbani kwao na kukutwa ameuawa, huyo "puuzeni" haimtoshi. Anahitaji kitu cha kushika badala ya ile voisi. Msipompa ninyi atapewa na yeyote mwenye bando.

Ninyi mnajua, pengine kuliko sisi, kwamba mwenye bunduki na mwenye gari la vioo vyeusi sio waliotumalizia watoto. Ni moto: wasichana wasiopungua 40 wa Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, watoto wasiopungua 10 wa bweni la Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, wavulana 21 wa Endarasha, Nyeri, kwa jirani zetu, Septemba 2024. Ni barabara: Mei 6, 2017 basi la Lucky Vincent la Arusha lilitumbukia korongoni Karatu likiwa na watoto wa darasa la saba waendao kwenye mtihani wa majaribio, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Ni maji: Aprili 12, 2024, Arusha tena, gari la Ghati Memorial lilisombwa asubuhi ya mvua. Mtoto anayejua la kufanya akisikia kengele ya hatari, anayejua mlango wa pili uko wapi na nani ana ufunguo wake, amejiandaa kwa moto na kwa risasi kwa pamoja. Shule yenye bweni lenye nondo madirishani na mlango mmoja haijajiandaa kwa lolote, hata kama getini kuna mlinzi mwenye gobore.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye habari ya njiani, maana Ubungo ni njia. Barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma zinakutana hapa. Daraja la Kijazi lilipofunguliwa Februari 2021 magari yalipata nafuu kubwa, lakini mtoto anayekwenda kwa miguu bado anasubiri yake. Huko juu kuanzia Kimara kuelekea Kibaha barabara sasa ni njia nane, na mtoto wa Mbezi au Kibamba anayesoma upande wa pili anazikata asubuhi kukiwa bado giza. Simameni kituoni saa 12 asubuhi mtazame madenti wanavyokataliwa na makonda. Nauli yao ni ndogo, mtu mzima analipa zaidi, hesabu ya konda iko wazi. Anahesabu watatu, anazuia mlango kwa mkono, anapiga bodi, "twende". Waliobaki wanarudi nyuma na mabegi yao, wanangoja lingine. Mwenye haraka anapanda bodaboda mshikaki, watatu nyuma ya dereva asiyemjua hata mmoja wao. Huyo ndiye mtoto tunayemwogopea gari la vioo vyeusi.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wasichana waliofanyiwa walipoulizwa ni wapi, karibu nusu walitaja nyumba ya mtu, na karibu robo walitaja njiani kwenda au kutoka shule. Kwenye ile kesi ya Muleba, miongoni mwa waliofikishwa mahakamani alikuwamo baba mzazi wa mtoto. Geti refu si mwisho wa kazi yenu, wala wa kazi yetu.

Sasa ninachoomba. Ni karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye muhuri wa shule, iandikwe kabla ya mvua za masika. Iseme watoto watakusanywa wapi hatari ikitokea ndani ya shule, na watahamishiwa wapi ikiwa shuleni hapakaliki: msikiti upi, kanisa lipi, ofisi gani ya serikali ya mtaa. Iseme kwamba hakuna mtoto atakayeambiwa "nenda nyumbani" peke yake mji ukiwa umechafuka. Atakaa kwenu hata kama ni mpaka usiku, na sisi tutachangia unga na maji ya akiba bila kuitiwa kikao. Iwe na majina mawili ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto zaidi ya wazazi, yaani bibi, jirani, au dada wa kazi ambaye sura yake mlinzi anaijua. Na msitegemee WhatsApp. Tumekwishaona intaneti inaweza kuzimika siku unapoihitaji kuliko siku zote, kwa hiyo tunataka namba ya simu ya kawaida ambayo kuna mtu anaipokea, na ujumbe mfupi kwa wote, hata kama ni maneno manne: watoto wako salama, subirini.

Kwenye gari la shule, dereva na mama anayesimamia watoto tuwajue kwa majina, na watoto wahesabiwe wanapopanda na wanaposhuka, kwa sauti, siti ya nyuma ikaguliwe kwa macho. Mvua ikiwa kubwa, dereva awe na ruhusa ya kutovuka, na asikemewe na mwenye shule kwa kuchelewesha ratiba. Nimewahi kumsikia dereva mmoja akisema wazi kwamba anaogopa simu ya bosi kuliko mto. Simtaji, wala bosi wake, maana nadhani wako wengi.

Mazoezi yafanyike, ila yatangazwe. Mwambieni mtoto kesho saa 3 tutapiga kengele hivi na hivi, tutatoka kwa mstari, tutahesabiwa, tutarudi darasani kunywa uji. Mkifanya hivyo kila muhula atachoka nalo, na mimi naomba achoke nalo. Na mwalimu wa malezi, ambaye shule nyingi zinaye kwa jina huku akifundisha vipindi vingi kuliko wenzake, apewe muda halisi. Kuna watoto hapa Ubungo ambao tangu Oktoba wanakojoa kitandani, na wazazi wao wanawachapa. Mwalimu anayejua kuwauliza watoto "mlisikia nini, mliogopa nini" na kuwaacha wachore au waseme, atamwokoa mtoto huyo na fimbo. Namba 116 ya kumsaidia mtoto ni bure kuipiga. Iandikeni ukutani kwa rangi, kubwa, karibu na bomba la maji ambapo kila mtoto anapita, pamoja na kituo cha polisi cha karibu chenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Upande wetu nao una deni. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watafiti waligundua kwamba watu waliofuatilia habari za tukio kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walionyesha msongo mkubwa kuliko hata waliokuwapo kwenye eneo lenyewe. Nikiwatazama akina mama wenzangu kwenye mabasi ya mwendokasi, simu usoni, klipu baada ya klipu, mtoto kapakatwa anasikiliza kila kitu, naelewa kabisa jinsi inavyowezekana. Nyumbani kwangu tumekubaliana: voisi isiyo na tarehe wala jina la mtaa haipiti kwenye simu yangu, na habari hazifunguliwi wakati wa kula. Kila mtoto wangu ana neno lake la siri. Anayekuja kumchukua bila neno hilo, hata akijua jina langu na la baba yao, harudi naye. Ninapozidiwa na wasiwasi nakwenda kwa mguu njia anayopita mwanangu, naangalia nani ana duka pale, mama lishe yupi anamfahamu, mtaro upi hauna mfuniko. Nikirudi presha imeshuka, na mara nyingi nimeshapata jambo la kumweleza mjumbe.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kulifanya bila ninyi. Usiku, mdogo ananiuliza: mama, wakija tukiwa shule, itakuwaje? Ninataka kumjibu: mwalimu wako anajua la kufanya, na mimi ninajua pa kukufuata. Mpaka leo sijamjibu hivyo, kwa sababu sijui kama ni kweli, na yeye ni mtoto ambaye tulikwishamwambia habari ya fataki.

Kikao cha kwanza cha wazazi kinakuja, na ajenda ya kwanza, kama kawaida, ni michango. Naomba mara hii michango iwe ya pili. Tupeni nusu saa ya kwanza mtueleze mpango mlio nao, na kama hamna, tukae tuuandike palepale. Wapo miongoni mwetu zimamoto, manesi, madereva, mafundi wa kuchomelea wanaoweza kufungua nondo za bweni kwa siku moja, na hakuna aliyewahi kuwaomba. Mimi nitaleta rimu ya karatasi ya ziada.

Wenu katika malezi,
Mama wa watoto wawili,
Ubungo Kibangu